Kutembea Bila Kukimbia: Goma na Miji Jirani Yenye Historia



Alfajiri ya tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya mlima Nyiragongo kulipuka, serikali iliamuru sehemu kubwa ya mji wa Goma ihame. Nilitoka nyumbani na jamaa yangu, godoro kichwani, bidoni ya maji mkononi, tukafuata barabara ya Sake katikati ya maelfu ya watu. Jioni mzee mmoja wa Sake alitufungulia parseli yake. Watoto walipokwisha kulala, aliniuliza kama niliona yale mawe meusi tuliyoyakanyaga kabla ya kuufikia mji. Nikamjibu kwamba niliyaona, ni mawe ya volkano kama ya kwetu Goma. Akatikisa kichwa. “Hayo si ya mlima mnaoukimbia,” akasema. “Hayo ni ya Nyamulagira. Yalishuka baba yangu akiwa kijana, yakaingia ziwani, naye aliyakimbia kama mnavyokimbia ninyi leo.”

Mimi ni mwalimu wa historia. Habari ya Nyamulagira ya mwaka 1938 nilikuwa naifundisha darasani. Lakini nilikuwa nimepita juu ya mawe hayo mara zisizohesabika, na hata siku moja sikusimama. Ilibidi nikimbie ndipo nifundishwe.

Mhadhara huu umetoka katika usiku ule. Katika Kiswahili chetu cha Goma, kutembea si kupiga hatua tu. Kutembea ni kwenda kumwona mtu kwake, kukaa naye, kula naye, kumsikiliza. Kukimbia nako si mbio tu. Ni kuacha nyumba ukiogopa kufa. Miji inayotuzunguka tumeifahamu zaidi kwa kukimbia. Gisenyi tuliikimbilia mwaka 2002. Sake tuliikimbilia mwaka 2021. Ndugu zetu wa Rutshuru na Masisi nao wametukimbilia sisi, miaka nenda miaka rudi. Ombi langu kwenu leo ni kwamba tujifunze kuitembea miji hii: kwa siku moja au mbili, kwa hiari, tukiwa na kikapu cha chakula na daftari, tupate kujua historia ambayo majirani zetu wametutunzia.

1. Sake: mji wa mlangoni

Tuanzie Sake, kwa sababu iko karibu: kilomita kama 25 magharibi mwa Goma, kwenye mguu wa milima ya Masisi. Mlima Nyamulagira ulilipuka mwaka 1938, na mlipuko ule uliendelea hadi 1940. Lava ilishuka hadi Ziwa Kivu karibu na Sake, ikaingia majini, ikakaribia kulifunga kabisa lango la ghuba ya Kabuno. Kijana anayesimama leo juu ya mawe yale anaona kitu ambacho hakuna ramani inayoweza kumweleza vizuri: kwamba hata umbo la ziwa letu ni jambo la historia, na kwamba wazee waliolijua likiwa na umbo jingine hawajatoweka muda mrefu.

Halafu aende sokoni. Mazao ya Masisi yanashukia Sake: viazi, maharage, na ile jibini ya Masisi ambayo ufundi wake uliletwa na wamisionari. Hapo ndipo barabara inapogawanyika, mkono mmoja kupanda Masisi, mwingine kufuata ziwa kwenda Minova na Bukavu. Anayetaka kufahamu kwa nini kila vita vya Kivu hupigania Sake, asimame penye njia panda kwa saa moja na kuhesabu magari, pikipiki na chukudu zinazopita. Atafahamu bila mwalimu.

2. Gisenyi: mpaka uliotuzaa

Sasa tugeuke mashariki. Kutoka katikati ya Goma hadi Gisenyi mtu anakwenda kwa mguu. Kila siku maelfu ya watu wetu wanapita bariyeri ndogo na mizigo yao ya nyanya, unga na samaki. Wengi wamepita maisha yao yote bila kuuliza ni nani aliyeuweka mpaka pale.

Mwaka 1885, baada ya Mkutano wa Berlin, mistari ilikwisha kuchorwa juu ya ramani ya nchi zetu. Wakati huo hakuna Mzungu aliyekuwa ameliona Ziwa Kivu. Mjerumani Gustav Adolf von Götzen alifika hapa mwaka 1894, miaka tisa baadaye. Alikuwa amekutana na mwami, yaani mfalme, Kigeli Rwabugiri wa Rwanda, akapanda Nyiragongo, akaliona ziwa. Yaani nchi iligawanywa kwanza, ikatazamwa baadaye. Ndiyo sababu Wabelgiji na Wajerumani waligombana kwa miaka mingi juu ya bonde hili, hadi mapatano ya Brussels ya Mei 1910 yalipoweka mpaka tunaoujua: Gisenyi upande wa Wajerumani, Goma na kisiwa cha Idjwi upande wa Kongo ya Wabelgiji.

Goma yenyewe ilikua kama kituo cha Wabelgiji kilichotazamana na kituo cha Wajerumani cha Gisenyi. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, Wajerumani waliiteka Idjwi, na kwa karibu miaka miwili askari wa pande mbili walitazamiana hapa kwa bunduki. Mwaka 1916 jeshi la Kongo, Force Publique, lilivuka na kusonga mbele hadi kuiteka Tabora mwezi Septemba. Waliobeba mizigo ya vita ile begani walikuwa babu zetu, wa huku na wa kule, na majina yao mengi hayakuandikwa popote.

Anayetembea Gisenyi aende ufukweni chini ya miti mikubwa, kisha apande hadi Nyundo, misheni iliyoanzishwa na Mapadri Weupe mwaka 1901. Halafu akumbuke Januari 2002, lava ilipokuwa imeupasua mji wetu, na familia za Gisenyi zikafungua milango. Historia ya mpaka ina damu nyingi, na hatuna haki ya kuificha. Ina mikate pia, na blanketi, na sufuria za uji zilizotolewa na watu ambao serikali hazikuwaagiza. Hiyo nayo iandikwe.

3. Rutshuru: barabara ya kaskazini

Barabara ya kaskazini inapita Kibati, Kibumba na Rugari, juu ya mawe ya lava kwanza, kisha katika udongo mweusi ambao kila mche unaopandwa hushika. Kabla ya kufika Rutshuru, mji ulio kilomita kama 70 kutoka hapa, tunasimama Rumangabo, makao makuu ya Hifadhi ya Virunga.

Hifadhi hii ilianzishwa tarehe 21 Aprili 1925 kwa jina la mfalme Albert wa Ubelgiji. Ni hifadhi ya taifa ya kwanza katika Afrika, na tangu 1979 imo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mmarekani Carl Akeley, aliyeihimiza sana, alifariki mwaka 1926 kwenye miteremko ya mlima Mikeno, akazikwa kule Kabara. Hapo hapo Kabara, mwaka 1967, Dian Fossey alianza kazi yake ya kuwafuata sokwe wa milimani, kabla vita havijamhamishia upande wa Rwanda.

Hayo vitabu vya wageni vinayasema vizuri. Mwenye kutembea aulize pia yale yasiyosemwa sana: nani alikuwa analima, anafuga na kuzika wafu wake katika ardhi ile kabla ya 1925, na alihamishwa vipi? Wazee wa Bwisha na Bwito, maeneo ya Rutshuru, wanayo majibu. Aulize vilevile habari za walinzi wa hifadhi, watoto wa nchi hii, ambao zaidi ya 200 wameuawa wakiwa kazini. Historia ya Rumangabo ni ya pande hizi zote, na mwanafunzi aliyesikia upande mmoja tu arudi mara ya pili.

Na zaidi ya hapo, kaskazini zaidi ndani ya hifadhi hiyo hiyo, Mto Semliki unapotoka katika Ziwa Edward, pana Ishango. Hapo mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alifukua mfupa mdogo wenye mistari iliyochongwa kwa mpangilio, mfupa wa miaka kama 20,000. Wataalamu wengi wanauona kuwa mojawapo ya alama za kale kabisa za binadamu kuhesabu. Ishango si safari ya siku moja kutoka Goma, na mfupa wenyewe umewekwa Brussels. Nautaja ili kila mtoto wa Kivu aliyeambiwa kwamba hesabu ni elimu ya kigeni ajue kwamba mkono wa kuhesabu ulikuwa hapa zamani sana.

4. Njia ya maji: Idjwi na Bukavu

Barabara ya Bukavu ni ndefu, kilomita kama 200 za mashimo na utelezi. Njia ya ziwa ni ya kale na ni nzuri kupita zote. Lakini natoa neno moja la uchungu kabla sijaisifu. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti iliyotoka Minova ilizama mbele ya macho yetu karibu na bandari ya Kituku, wakafa nayo watu wengi waliokuwa wamekaribia kufika. Asipande mtu boti iliyojazwa kupita kiasi, wala asipande bila jaketi la kuokolea. Historia haidai roho ya mtu.

Kisiwa cha Idjwi kina masimulizi yake ya wami na koo zake, ambayo mwanahistoria David Newbury aliyakusanya kwa wazee na kuyatoa katika kitabu mwaka 1991. Nawaambia wanafunzi: chanzo cha kitabu kile kilikuwa vinywa vya wakulima. Mgeni alikaa, akasikiliza, akaandika. Kinachotuzuia sisi, tunaosikia lugha za wazee hao tangu utotoni, ni nini?

Mbele ya Idjwi ndiyo Bukavu, mji uliojengwa juu ya rasi zinazoingia ziwani kama vidole. Wabelgiji waliuita Costermansville kwa zaidi ya miaka 20, kwa jina la ofisa wao mmoja, kabla ya jina la wenyeji kurudi. Nyumba za wakati huo, zenye kuta za mviringo na madirisha marefu, zingalipo katikati ya mji, nyingine zikibomoka. Ulikuwa makao makuu ya Kivu nzima hadi mwaka 1988, Kivu ilipogawanywa kuwa Kaskazini, Kusini na Maniema, nayo Goma ikapata cheo cha makao makuu ya Kivu Kaskazini. Mwaka 1967 mamluki wa Jean Schramme waliushikilia tangu Agosti hadi Novemba. Tarehe 29 Oktoba 1996 askofu mkuu Christophe Munzihirwa, aliyekuwa akilia hadharani juu ya wakimbizi na wakaaji pamoja, aliuawa mjini humo. Mwaka 1999 daktari Denis Mukwege alianzisha hospitali ya Panzi, na mwaka 2018 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Anayetembea Bukavu atembee akijua kwamba mji ule umelipa gharama kubwa ya kusema kweli.

Akiwa na siku moja zaidi, aende Lwiro, njia ya Katana, aone kituo cha utafiti kilichoanzishwa wakati wa ukoloni, mwaka 1947, kwenye miguu ya mlima Kahuzi: kumbi, bustani, na maktaba ambayo wataalamu wetu wameilinda katika miaka ambayo mishahara haikufika.

5. Goma: mji chini ya miguu yetu

Nimetaja ya majirani; tusisahau ya nyumbani. Nyiragongo ulijimwaga tarehe 10 Januari 1977, 17 Januari 2002, na 22 Mei 2021. Mwaka 2002 lava ilipita katikati ya mji hadi ziwani, ikaiangusha katedrali ya Mtakatifu Yosefu na kufunika sehemu ya uwanja wa ndege. Katikati ya mji yapo majengo ambayo ghorofa yake ya kwanza ndiyo leo inaingiwa kutoka barabarani, kwa maana ghorofa ya chini imezikwa. Kuta za parseli zetu ni mawe yale yale yaliyotufukuza. Mgeni anayekuja Goma hana haja ya jumba la makumbusho ili aione historia. Ana haja ya mwenyeji wa kumwonyesha. Mwenyeji huyo ni mimi na wewe.

6. Kwa wenye kuuliza

Najua wapo wanaouliza moyoni: katika nchi ya vita, matembezi ni ya nini? Swali hilo ni la haki. Vita vilivyowaka tena mwishoni mwa 2021 vimehamisha mamia ya maelfu ya watu, na Januari 2025 viliingia ndani ya Goma yenyewe. Simwambii mtu afuate njia isiyo na amani. Siku ambayo njia imefungwa, amtembelee mzee wa mtaa wake. Na katika mtaa wowote wa Goma yumo aliyezaliwa Masisi, Rutshuru, Idjwi au Bukavu.

Lakini nina jibu la pili. Miaka hii tumeelezwa habari za majirani zetu kwa redio, kwa simu, na kwa uvumi. Mtu ambaye hujawahi kula kwake ni rahisi kuambiwa ubaya wake ukaamini. Mzee wa Sake aliyetupokea hakutuuliza kabila. Aliniuliza kama niliona mawe. Nimerudi kwake mara tatu tangu siku ile, bila godoro, na kila mara ameniongezea ukurasa.

Kwa hiyo natoa maombi matatu. Walimu, kila mwaka mpeleke darasa moja mahali pamoja, hata kama ni Sake tu, na wanafunzi warudi na masimulizi yaliyoandikwa kwa Kiswahili na kwa lugha za wenyeji. Wazazi, mnapokwenda msibani au arusini Rutshuru, Minova au Gisenyi, muwachukue watoto na kuwaonyesha palipotokea nini. Wanafunzi, anzeni Jumamosi hii: tafuteni mtu mmoja mwenye umri wa zaidi ya miaka 70, mkae naye saa mbili, muandike tarehe, mahali na jina kama amekubali.

Wazee hao wanapungua kila mwaka. Waendeeni wangali hai.