Sahihi Yako Si Bei ya Soda

(Maneno ya mazungumzo na vijana, Kakamega, baada ya Isha)



Ndugu zangu na dada zangu, leo nitaanza na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kwenye baraza, si mbali na hapa mjini. Viti vya plastiki chini ya mti, soda, mkate, na mgeni mwenye makaratasi. Akasema pale bondeni, penye mafunjo, kutajengwa nyumba za kupangisha, na vijana wa hapa ndio watakaopewa kazi. Tukapiga makofi. Kisha ikapitishwa karatasi: jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, sahihi. Nikatia. Nilidhani ni orodha ya waliohudhuria tu, ya kuhesabu soda.

Baadaye nikaja kuona nakala ya ripoti ya mradi ule. Ile karatasi ilikuwa imebandikwa nyuma, na mbele yake maneno kwamba wakazi walishauriwa na hawakuwa na pingamizi. Jina langu lilikuwa pale, mstari wa saba. Malori yakaja, mafunjo yakafukiwa, ukuta ukapanda. Mvua ya msimu uliofuata, maji yaliyokuwa yakitulia bondeni yakakosa pa kukaa, yakaingia nyumbani kwa mama mmoja jirani yetu. Aliniona njiani akaniuliza swali moja tu: "Mwanangu, si wewe ulikuwa kwenye ule mkutano? Ulisema nini?"

Sikusema kitu. Nilikunywa soda nikaenda zangu.

Ndiyo maana nimeomba nafasi leo. Nataka wewe usije ukaulizwa swali lile ukakosa jibu.

Kwanza tuelewane kuhusu kinamasi. Wengi wetu tumekua tukikiona ni mahali pa mbu na matope, ardhi isiyo na kazi inayongoja mwenye pesa. Lakini hebu angalia tulivyokaa hapa. Kakamega ni nchi ya mvua nyingi, vilima na mabonde, na kila bonde lina chemchemi au kijito. Wafinyanzi wa Ilesi, pale kwenye barabara ya Kisumu, udongo wao ni wa mabondeni. Mto Isiukhu unapita kando ya mji wetu, na maji yake yanaishia Nzoia. Nzoia nao unashuka hadi Budalang'i, kule Busia, kabla ya kuingia Ziwa Victoria. Sasa wewe umesikia mara ngapi habari za mafuriko Budalang'i? Kinamasi kinashika maji ya mvua kama sifongo, kinayachuja, halafu kinayaachia polepole hadi wakati wa kiangazi. Ukikifukia, maji hayapotei. Yanakwenda kwa mtu mwingine, kwa haraka zaidi na yakiwa machafu zaidi. Huyo mtu anaweza kuwa jirani yako, au mtu wa Budalang'i ambaye hutamjua maishani.

Sasa tuje kwa haki zako, maana hapa ndipo tunapopotelea.

Katiba ya 2010, Kifungu cha 42, inakupa haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 70 kinakuruhusu kwenda mahakamani kuitetea haki hiyo, na huhitaji kuonyesha kwamba wewe mwenyewe au mtu mwingine ameshapata hasara. Yaani si lazima ungoje maji yaingie nyumbani kwako ndiyo upewe masikio.

Halafu kuna sheria ya mazingira ya 1999, ile wanayoiita EMCA. Inakataza mtu kujenga ndani ya ardhi oevu, au kuikausha, bila idhini ya NEMA baada ya tathmini ya athari kwa mazingira. Kanuni za 2009 zikaongeza kwamba ukingo wa mto unalindwa, si chini ya mita 6 na si zaidi ya mita 30 kutoka pale maji yanapofika yakijaa kabisa. Na iko sheria ya mipango ya ardhi ya 2019. Hii inasema anayetaka kujenga lazima apate kibali cha kaunti, na lazima autangazie umma anachotaka kujenga ili mwenye pingamizi alilete. Anayejenga bila kibali anaweza kutozwa faini hadi shilingi 500,000, au kifungo hadi miezi miwili, au vyote viwili.

Kwa hiyo kuna milango miwili: NEMA kwa mazingira, na kaunti kwa kibali cha ujenzi. Mtu anaweza kuwa na karatasi ya mlango mmoja akakuambia, "Mimi nimeruhusiwa." Mwulize kwa upole: na ule mlango mwingine?

Utasema, haya yote ni maneno ya vitabuni, mwenye pesa hashindwi. Basi nikupe habari ya Lamu.

Kule Lamu ilipangwa kujengwa mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050. Mradi mkubwa, na serikali ilikuwa nyuma yake. NEMA ikatoa leseni mwaka 2016. Wakazi, wengi wao wavuvi na watu wa kawaida kama wewe, kupitia muungano wao wa Save Lamu, wakakata rufaa kwenye Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira. Tarehe 26 Juni 2019 leseni ile ikafutwa. Na sababu moja kubwa ilikuwa nini? Ushirikishwaji wa umma. Mikutano ilikuwa imefanyika, ndiyo, lakini ilikuwa ya utangulizi, kabla madhara ya mradi hayajachunguzwa na kuandikwa. Ripoti ilipokamilika, watu hawakupewa nafasi ya kweli kuisoma na kuijibu. Mkutano usio na habari haukuhesabiwa kuwa mkutano.

Unaona? Ni baraza kama lile langu la soda. Tofauti ni kwamba watu wa Lamu waliuliza maswali, wakaandika, wakatunza karatasi, na wakakata rufaa kwa wakati.

Na usidhani sisi wa huku tuko upande wa wanaoonewa kila siku. Mwaka 2008 kampuni ya sukari ya hapa kwetu, Mumias, pamoja na mamlaka ya maendeleo ya Tana na Athi, ilitaka kulima miwa kwenye delta ya Mto Tana, kama hekta 20,000. Hapa Mumias habari kama hiyo ni habari ya kazi na biashara. Kwa mfugaji Mworma ilikuwa habari ya kupoteza malisho ya kiangazi, na kwa mkulima Mpokomo ni shamba lake na maji yake. NEMA ikakubali, lakini Julai 2008 mahakama ya Malindi ikasimamisha kazi kwa muda. Kesi yenyewe baadaye ilianguka kwa sababu za utaratibu. Hilo ni funzo: ukweli wako peke yake hautoshi kama hufuati taratibu. Hata hivyo mradi ule haukutekelezwa, na mwaka 2012 delta ya Tana ikaingizwa kwenye orodha ya Ramsar, orodha ya dunia ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa.

Siku ile mwekezaji alikuwa ni sisi. Nitalirudia jambo hili mwishoni.

Sasa, ufanye nini? Sikiliza vizuri, na ukiweza andika.

Moja, soma matangazo. Ubao wa afisi ya chifu, afisi ya wadi, gazeti, redio, na kibao kwenye ploti yenyewe. Tangazo linasema mradi ni upi, uko wapi, ripoti inasomwa wapi, na mwisho wa kutoa maoni ni lini. Hiyo tarehe ya mwisho ndiyo roho ya jambo lote. Ukiona tangazo, piga picha, peleka kwa wenzako siku hiyo hiyo.

Mbili, nenda kwenye mkutano, na uende na maswali. Kiko umbali gani kutoka kwenye maji? Maji ya mvua yataelekezwa wapi? Maji taka je? Chemchemi ya chini itakuwaje? Ripoti iko wapi tuisome? Ukiombwa sahihi, soma kichwa cha karatasi kwanza. Kama hakina kichwa, usitie. Kama unatia, andika kando ya jina lako: nimehudhuria, sijakubali. Maneno mawili tu. Laiti ningeyaandika mimi siku ile.

Tatu, andika. Hapa ndipo vijana wengi wanaanguka. Utamsikia kijana anaongea maskani kwa saa nzima, moto kweli kweli, lakini hakuna barua hata moja. Neno ambalo halikuandikwa halitaonekana kwenye faili. Andika ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, si lazima iwe Kiingereza cha wakili. Taja mahali, taja unachohofia, taja sababu. Peleka nakala mbili. Moja waiache, moja wakupigie mhuri ubaki nayo. Ukinyimwa ripoti iliyoko mikononi mwa serikali, iko sheria ya kupata habari ya 2016. Omba kwa maandishi, na afisa anapaswa kukujibu ndani ya siku 21.

Nne, jua saa inavyokwenda. Kaunti ikitoa kibali na wewe huridhiki, una siku 14 kwenda kwenye kamati ya kaunti inayosikiliza rufaa za mipango ya ardhi. Leseni ya NEMA, una siku 60 kwenda kwenye ile Mahakama ya Mazingira. Siku 14 ni Ijumaa mbili tu. Ukilala Ijumaa ya kwanza ukasema tutakutana inayofuata, umekwisha.

Tano, usirushe jiwe na usitukane mtu. Dereva wa lori ametumwa, na fundi anatafuta chakula cha watoto. Ugomvi wako uko kwenye faili, si kwenye kichwa cha fundi. Na ukichoma kitu, habari ya kinamasi imekwisha, iliyobaki ni habari yako.

Kwa nini nasisitiza mwanzo, mwanzo, mwanzo? Kwa sababu mwishoni kila mtu anaumia. Agosti 2018 kule Nairobi tuliona maduka makubwa ya Ukay pale Westlands na South End kwenye barabara ya Langata yakibomolewa kwa sababu yalikuwa kwenye njia ya mto. Watu walikuwa na biashara mle ndani, wafanyakazi walikuwa na mishahara. Mei 2024, baada ya mafuriko, matingatinga yakaenda Mathare, na waliobeba magodoro kichwani walikuwa wapangaji maskini, si waliowauzia ploti. Pingamizi la ukurasa mmoja kabla ya jiwe la kwanza lina huruma zaidi kuliko tingatinga baada ya paa.

Sasa lile nililoahidi kurudia.

Siku moja mwenye mradi atakuwa mtu wetu. Atakuwa mjomba wako, au mfadhili anayetuchangia kila Ramadhani, au kamati ya madrasa iliyopata ploti kwa bei nafuu. Na kwa nini ni nafuu? Kwa sababu ni chepechepe. Watasema, ndugu, hii ni kheri, usituletee maneno ya NEMA. Hapo ndipo itajulikana kama tulikuwa tunatetea haki au tulikuwa tunatetea upande. Kama tunadai jirani asifukie bonde kwa nyumba za kupangisha, hatuwezi kulifukia sisi kwa jengo lolote, hata liwe zuri namna gani. Maji hayaulizi mwenye ukuta ni nani. Tusome ripoti ya wetu kama tunavyosoma ya wengine, tuulize maswali yale yale, tena mbele ya watu. Tukishindwa hapo, siku tutakapomwandikia mwekezaji mgeni atatucheka, na atakuwa na haki.

Yule mama maji yaliyemwingilia bado yuko, na bado ananiita mwanangu. Kila mvua ikinyesha usiku namkumbuka, na nakumbuka mstari wa saba. Siwezi kuirudisha sahihi ile. Lakini wewe ya kwako bado unayo, haijatoka mfukoni. Wiki hii, kabla ya Ijumaa, pita kwenye ubao wa chifu wa eneo lako. Angalia tu kuna tangazo gani. Ukilipata, njoo nalo tulisome pamoja, na kalamu tutakuwa nayo.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.