Kumbukumbu za Kivinjari: Kupotea Kwake, Kurejeshwa Kwake na Dhamana ya Kuzihifadhi



Anayetaka leo kuandika tarikhi ya mtaa huu wa Kikwajuni, Unguja, na hasa ya zile nyumba za ghorofa zilizojengwa hapa kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki baada ya Mapinduzi ya 1964, hatotosheka na majalada ya Nyaraka za Taifa pale Kilimani, bali itambidi azifuate habari nyengine hadi kwa Wajerumani wenyewe, kwa lugha asiyoijua vyema, akipita katika intaneti kutoka kiungo hiki hadi kile, mpaka aufikie ukurasa ambao, akiupoteza, hatokumbuka hata maneno yaliyomfikisha. Kwa mtafiti huyo, orodha ya kurasa alizozipitia, ambayo kivinjari humwandikia bila ya yeye kuagiza, ni waraka wa ilimu. Nami nimekuja kudai mbele yenu katika semina hii kwamba tumeitegemea mno orodha hiyo, ilhali haikuwekwa ili idumu.

Kivinjari cha Chrome huiweka katika faili ndani ya kompyuta, na kila kumbukumbu ikishapindukia siku 90 huiondoa chenyewe, pasi na kumuuliza mwenyewe. Firefox haihesabu siku, lakini nayo huzipunguza kurasa za kale zinapozidi kiasi inachokimudu mashine. Na aliyeziunganisha simu na kompyuta yake kwa akaunti moja, akidhani amepata nakala mbili, ajue kwamba anachokifuta huku huweza kufutika na kule.

Juu ya hayo kuna masaibu ya umeme. Waliokuwapo Unguja mwaka 2008, kisiwa kilipokaa kizani takriban mwezi mzima kuanzia Mei, na tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, hawahitaji kuhadithiwa. Na umeme unaokatika ghafla, diski ikiwa katikati ya kuandika, huweza kuiharibu faili ile ile tunayoizungumza.

Likishatokea la kutokea, sharti la kwanza ni kuacha kuitumia kompyuta hiyo mara moja. Faili iliyofutwa katika diski ya kuzunguka haitoweki papo hapo: nafasi yake huhesabiwa kuwa tupu, na yaliyomo hubakia mpaka jengine liandikwe juu yake, kwa hivyo kila programu unayoipakua kwa pupa ili ikuokoe huenda ndiyo inayokizika ulichokitafuta. Diski za kisasa zisizozunguka hazitoi muhula huo, kwani aghlabu mfumo huzisafisha nafasi hizo mapema. Hapo hutazamwa nakala za akiba, kama zilikuwapo. Kisha akaunti ya Google, ambayo, ikiwa mwenyewe ameruhusu shughuli zake kuhifadhiwa, huweza kuwa na yale ambayo kompyuta imekwisha kuyatupa, ingawa kwa akaunti zilizofunguliwa tangu Juni 2020 muda wa kawaida ni miezi 18. Aliyevinjari kwa dirisha la faragha hana cha kutarajia katika orodha ya kivinjari, na ndivyo alivyotaka.

Nalo hili lisisahauliwe: orodha hii ni siri ya mtu, nayo hufichua maradhi yake, madeni yake na mashaka ya moyo wake. Katika kompyuta inayotumiwa na wengi, kumfufulia mwenzio alichokifuta bila ya idhini yake ni khiyana, hata ikiwa fundi amelipwa.

Hata hivyo, anwani iliyookolewa haina faida ikiwa ukurasa wenyewe umekwisha kufa. Ndiyo maana taasisi ya Internet Archive, iliyoasisiwa na Brewster Kahle mwaka 1996 na kuifungua hazina yake ya kurasa za zamani kwa watu wote mwaka 2001, inastahiki kujulikana na kila mwanafunzi wetu. Yeyote huweza kuiomba iuhifadhi ukurasa alionao mbele yake, na kurasa nyingi hukubali.

Basi napendekeza kwamba kila anayetafiti habari za Kikwajuni aweke daftari lake, siku ile ile anaposoma, akiandika anwani kamili, jina la ukurasa, tarehe, na sababu iliyomfanya aukusudie. Aihamishe orodha ya kivinjari mahali pengine kila mwezi, kabla ya zile siku 90 kutimia. Na kazi ikishakwisha, semina hii iwaombe wenye dhamana pale Kilimani walipokee daftari hilo pamoja na utafiti wenyewe.