Jembe la Siku ya Tatu



Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hapa Kanada tumeshika nusu tu ya usemi huo. Bibi anafika kwa udhamini wa bwana wake, au bwana kwa udhamini wa bibi, na siku ya tatu tunamwambia: "Tafuta kazi." Jembe hatujampa. Kule kwetu Kasongo na Kabambare, anayekupa jembe anakuonyesha na shamba liliko.

Mimi nilikuwa mwalimu Kabambare. Nilipofika kwa mume wangu nilikaa ndani miezi saba kwa woga. Niliambiwa kwamba, kwa kuwa alisaini kunitunza miaka 3, sina ruhusa ya kufanya kazi. Si kweli. Sahihi ile inamfunga yeye: nikichukua msaada wa serikali ndani ya miaka hiyo, yeye ndiye atakayedaiwa, hata tukiachana. Mimi niliingia nikiwa mkazi wa kudumu, na tangu siku ya kwanza naweza kuajiriwa popote. Lile sharti la kukaa miaka 2 na aliyekudhamini, lililowekwa mwaka 2012, lilifutwa mwaka 2017. Dada anayepigwa nyumbani asitishwe nalo.

Jembe ndilo lipi? Ni namba ya bima ya jamii, tarakimu 9, inayotolewa bure na Service Canada. Ni kupeleka diploma zako zikafanyiwe tathmini mapema. Zaidi ya yote, ni mtu. Mimi nilishikwa mkono na mama mmoja wa Kasongo aliyekuwa akihudumia wazee katika nyumba ya kuwatunzia. Aliniandikia CV, akanipeleka kwa msimamizi wake, na siku ya mahojiano akabaki na mtoto wangu. Kisha akaniambia: "Kazi hii ikulishe, lakini chaki yako usiitupe." Leo nimerudi darasani.

Ndugu zangu, kabla hatujala, naomba kila familia iliyokaa hapa zaidi ya miaka 3 imchague mgeni mmoja humu ukumbini. Mwandikieni CV, mpelekeni kazini kwenu, mleleeni mtoto siku anapoitwa. Karatasi ya udhamini ina sahihi ya mtu mmoja. Mzigo wake tuubebe sote.