Kuvu ya Chapati na Matope ya Mikoko



Vijana wenzangu, na nyinyi wazazi wetu, hebu tuulizane ukweli. Ile chapati inayobaki baada ya futari huenda wapi? Siku ya tatu ishaota kuvu, tunaitupa. Israfu tumekatazwa katika Sura Al-A'raf, aya ya 31, hilo twalijua. Lakini je, hiyo kuvu tunayoidharau umewahi kuitafakari?

Twende Gazi, Kwale. Jani la mkoko likianguka majini, kuvu za baharini hulivamia na kulilainisha. Kaa na vidudu vya majini hula, samaki hula vidudu, nasi twala samaki. Kaboni iliyokuwa ndani ya jani, nyingine hurudi hewani, nyingine huingia katika chakula hicho. Majani na mizizi mingine huzikwa matopeni. Huko chini hakuna oksijeni, kwa hivyo kuvu haziwezi kufanya kazi kama kawaida, na kaboni hukaa humo mamia ya miaka. Ukikata mikoko, matope hupata hewa, uozo huanza upya, na ile kaboni hutoka kuongeza joto duniani. Subhanallah, kila kitu kwa kipimo!

Wenzetu wa Gazi na Makongeni wamelielewa hilo. Tangu 2013, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, wanalinda hekta 117 na kulipwa kwa kaboni inayohifadhiwa. Pesa hizo zimeleta maji na vitabu vya shule.

Utasema, "Mimi ni wa Majengo, bahari yanihusu nini?" Ndugu yangu, Mto Nairobi unapita Gikomba na Dandora, unaingia Athi, unakuwa Galana, kisha Sabaki, unamwaga baharini karibu na Malindi. Chapati ikianguka mtoni, kuvu zitaimaliza. Plastiki je? Mwaka 2024 wanasayansi walieleza kuvu ya baharini inayokula plastiki ya mifuko iliyopigwa na jua, lakini polepole mno. Haiwezi kutufuatia kila tunachotupa.

Basi Ramadhani hii tupike kwa kiasi, kinachobaki tumpelekee jirani kabla hakijaharibika, na chupa ya maji ya futari isiishie mtoni. Kuvu inatimiza kazi yake. Sisi makhalifa wa ardhi, je?