Mkono Uliogusa na Mkono Uliotenda

Hotuba iliyotolewa mbele ya wananchi wa mpakani katika mkutano wa polisi na jamii



Tumekuja kuzungumzia jambo linalosemwa sana vijiweni, na mara nyingi kwa makosa. Kikiokotwa kitu kilichotumika katika uhalifu, hutokea mtu akasema: "Kipelekwe kikapimwe DNA, mwizi atajulikana leo hii." Na majibu yakitoka, mwingine husema: "DNA yake imeonekana, basi ni yeye." Kauli ya kwanza inatutumainisha kupita kiasi. Ya pili yaweza kumwangamiza mtu asiye na hatia.

Vinasaba, ambavyo wengi tunaviita DNA, vimo katika karibu kila seli ya mwili. Ngozi yetu huambua seli kila siku, na mikono huzoa nyingine tunapojifuta uso, tunapojikuna kichwa au kukohoa kiganjani. Kwa hiyo mkono ushikapo mpini wa panga, usukani wa baiskeli au mfuniko wa jerikani, huacha chembe ambazo jicho haliwezi kuziona. Mwaka 1997 wanasayansi wawili wa Australia, Roland van Oorschot na Maxwell Jones, walionyesha katika jarida la Nature kwamba vinasaba vyaweza kupatikana kwenye kitu kilichoguswa tu, pasipo damu wala mate. Walionyesha pia kwamba vyaweza kutoka kwenye kitu na kuhamia mkono wa mtu mwingine anayekishika.

Hata hivyo, mikono hailingani. Wapo watu ambao kwa kawaida huacha vinasaba vingi, na wapo waachao kidogo sana. Nguo na mbao yenye mikwaruzo hushika zaidi kuliko kioo au chuma laini. Kukamata kwa nguvu na kusugua huacha zaidi kuliko kugusa kidogo. Kisha jua kali, mvua, unyevu na uozo huanza kuviharibu. Kitu kilichoachwa mtoni chaweza kupoteza alama zake upesi, ilhali kilichowekwa pakavu penye giza chaweza kuzihifadhi kwa miezi, hata miaka. Kwa hiyo, vinasaba vya mtu visipoonekana, hilo si thibitisho kwamba hakukigusa kitu hicho. Na vikionekana, havitaji siku wala saa aliyokigusa.

Tuchukue mfano wa hapa kwetu. Mama mmoja ana panga la shambani alilolitumia msimu mzima. Amwazima jirani yake, naye jirani alipeleka kwa fundi likanolewe. Usiku mwizi aliiba panga hilo uani, akalishika kwa kitambaa, akafanya uovu wake na kulitupa. Maabara yaweza kuona alama za mama, za jirani na za fundi, na isione hata chembe ya mwizi. Aliyekishika kitu mwisho si lazima awe ndiye aliyeacha alama nyingi. Sisi tunaoishi kwa biashara ya mpakani tunajua magunia, fedha na mitumba hupita mikono mingapi kabla ya jua kutua.

Jambo hili limewahi kumfikisha mtu karibu na adhabu ya kifo. Mwezi Novemba 2012, katika jimbo la California nchini Marekani, wavamizi waliingia katika nyumba ya mtu mmoja, wakamfunga, naye akafa. Kwenye kucha za marehemu kulipatikana vinasaba vya mtu asiye na makazi. Alikamatwa, akashitakiwa kwa mauaji, akakaa mahabusu takriban miezi 5. Baadaye wakili wake aligundua kwamba usiku ule mtu huyo alikuwa amelazwa hospitalini, amelewa kupindukia, chini ya uangalizi wa wauguzi. Vinasaba vyake vilifikaje pale? Wahudumu wa gari la wagonjwa waliomchukua jioni ndio hao hao walioitwa saa chache baadaye kwenye nyumba ya marehemu. Yaelekea walivibeba mikononi au katika vifaa vyao. Mtu huyo aliachiwa huru, na watu wengine wakatiwa hatiani.

Wala polisi hawana kinga dhidi ya kosa hili. Nchini Ujerumani wapelelezi walimsaka kwa miaka mwanamke asiyejulikana, ambaye vinasaba vyake vilionekana katika matukio takriban 40, likiwemo la kuuawa kwa askari wa kike mjini Heilbronn mwaka 2007. Mwaka 2009 ilibainika kwamba mhalifu huyo hakuwapo kabisa. Vinasaba vilikuwa vya mfanyakazi wa kiwanda, na viliingia katika vijiti vya pamba ambavyo polisi walitumia kuchukulia sampuli.

Nasi tukiri ya kwetu. Imewahi kutokea panga likaletwa kituoni, likawekwa juu ya meza ya zamu, na kila askari aliyeingia akaligeuzageuza kwa mikono mitupu. Kosa hilo lilikuwa letu. Ndiyo maana tunaahidi mbele yenu kubadili glavu kwa kila kielelezo, kukihifadhi katika mfuko wa karatasi badala ya plastiki inayotunza unyevu, na kuandika jina la kila aliyekishika.

Nanyi tunawaomba mambo matatu. Kwanza, mkikuta kitu mnachoshuku, msikiguse wala kukifuta. Wekeni mtu wa kukilinda kwa mbali, mwiteni mwenyekiti, naye atuite. Mvua ikitishia, kifunikeni kwa beseni safi bila kukisogeza.

Pili, ikiwa umekwisha kukigusa, sema. Tunajua kwamba wengi hunyamaza kwa kuogopa kukamatwa, na hofu hiyo ni kubwa zaidi kwa jirani aliyetoka upande wa pili wa mpaka. Kuokota kitu kwa nia njema si kosa. Maelezo yako, na sampuli yako ukiombwa, vitatuwezesha kutenganisha alama zako na za mhalifu.

Tatu, msihukumu. Kundi lenye mawe halimsubiri wakili wala halisomi rekodi za hospitali. Yule wa California aliokoka kwa sababu kulikuwa na muda wa kuuliza alikuwa wapi usiku ule. Kijana wetu akipigwa hadi kufa leo, ukweli ukijulikana kesho hautamfaa kitu, wala hautamfuta mama yake machozi.

Vinasaba vyaweza kutuambia ni nani huenda alikigusa kitu. Lini, kwa njia gani na kwa nia ipi, hayo hutafutwa kwa ushahidi wa watu, na watu ndio ninyi. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa.