Mwanachama Aliyefanyiwa Upasuaji wa Utumbo

(Mazungumzo ya katibu wa chama cha akiba na mikopo mbele ya makatibu na wanachama, Ilala)



Mmezoea kunisikia nikizungumzia hisa na marejesho ya mikopo. Leo naomba radhi nizungumzie jambo ambalo watu hulinong'ona.

Mwanachama wetu mmoja, muuza nafaka wa Kariakoo, alikaa miezi 3 bila kuleta marejesho. Nikaliandika jina lake katika orodha ya wadaiwa sugu, nikaibandika ukutani. Tulipomfuata nyumbani ndipo tulipojua kwamba alikuwa amekatwa sehemu ya utumbo mpana kwa ajili ya saratani, na haja kubwa sasa ilipitia tundu lililofunguliwa tumboni, ikiingia katika mfuko. Jeraha lilikwisha kupona. Kilichomfungia ndani ni hofu ya harufu mbele ya wateja. Jina lake nililibandua kwa mkono wangu mwenyewe.

Upasuaji huo huitwa kolostomia. Kwa wengine ni wa muda, kwa wengine ni wa maisha. Mdomo wa utumbo unaochomoza hapo ni mwekundu na wenye unyevu, kama ndani ya shavu. Wenyewe hauumi ukiguswa, na damu kidogo wakati wa kuufuta si ya kushtua. Lakini ukigeuka mweusi, au choo kikikatika huku tumbo likijaa na mgonjwa akitapika, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Usafi wake hauhitaji makuu. Maji safi na kitambaa laini vyatosha. Spiriti na dawa kali zisitumike. Mafuta nayo yaachwe, maana ngozi yenye mafuta haishiki gundi. Ngozi ikaushwe vizuri, kisha tundu la mfuko likatwe kwa kipimo cha mdomo wa utumbo, lizidi milimita 2 au 3 tu. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Tundu likiwa pana, kinyesi hugusa ngozi, ngozi huchubuka, gundi hubanduka, mfuko huvuja, na ile aibu iliyoogopwa hufika kweli. Tena mdomo huo hupungua katika wiki za kwanza, kwa hiyo upimwe upya. Mfuko umwagwe ufikapo theluthi moja, usingojwe ujae, kwani uzito huuvuta ukabanduka.

Chakula hakina miiko mikubwa. Maharage, kabichi na vitunguu huongeza gesi. Mtu avijaribu kidogo kidogo, aujue mwili wake. Magunia ni habari nyingine: wiki 6 hadi 8 za kwanza asiinue mzigo mzito, na hata baadaye ajihadhari na ngiri. Ndugu yetu yule siku hizi hushika mizani, magunia huwaachia wachukuzi.

Sasa niseme linalotuhusu sisi wa vyama. Mifuko hiyo ni ghali, na aliyeikosa hujifunga nailoni na matambara, mpaka ngozi ikawa kidonda. Mkopo mdogo wa dharura kwa ajili hiyo ni mkopo wa kazi kama ule wa mtaji, kwa sababu asiye na mfuko hafungui meza. Vilevile anahitaji choo chenye maji na mlango unaofungika, na asiharakishwe humo. Wauguzi wa Muhimbili, pale Upanga, na wa Taasisi ya Saratani Ocean Road wako wilayani mwetu. Katibu anaweza kumsindikiza mwanachama akaulize, hasa yule anayeona haya kwenda peke yake. Mke au mume naye afundishwe, ila mgonjwa mwenyewe ndiye ashike mkasi na mfuko mapema iwezekanavyo.

Kwetu tumekwisha badili utaratibu. Hakuna jina linalobandikwa ukutani kabla wajumbe 2 wa kamati hawajafika nyumbani kwa mdaiwa, wakaketi naye, wakauliza hali.