Dawa za Miti na Ugonjwa wa Kisukari
(Hotuba iliyotolewa Kahe mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa nizungumze juu ya dawa za miti na kisukari, nami nimekubali kwa sababu ninalo deni mbele yenu.

Nyumbani kwetu hapa Kahe palikuwa na mzambarau nyuma ya zizi. Mama alichemsha majani yake, na majirani wenye ugonjwa wa sukari wakaja na chupa zao. Hakutoza hata senti. Nami nilipougua nikayanywa, huku nikimeza vidonge vya hospitali. Sukari ikashuka, nikatangaza kwamba mzambarau umeniponya. Katika mkutano wetu uliopita nilimpa chupa mwenzetu mmoja tuliyelala naye bweni moja. Aliamini neno langu, akaacha vidonge. Baada ya miezi minane kidonda kidogo cha kidole kilimpeleka hospitali, akarudi bila mguu. Yuko hapa mbele, na ameniruhusu niyaseme haya.

Je, dawa za miti ni uongo? La hasha. Watu wa Ulaya walitumia tangu zamani mmea uitwao Galega. Wataalamu walikuta ndani yake kitu kinachoshusha sukari, lakini chenye sumu. Baadaye wakatengeneza dawa ya jamii hiyo isiyo na ukali ule, na mwaka 1957 Daktari Jean Sterne wa Ufaransa akatangaza matokeo yake kwa wagonjwa. Dawa hiyo ni metformini, ambayo wengi wetu humu tunaimeza kila siku.

Hapa nchini, mwaka 1974 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha kitengo cha utafiti wa dawa za asili pale Muhimbili, ambacho leo ni Taasisi ya Tiba Asili. Mwaka 2002 Bunge lilipitisha sheria ya tiba asili na tiba mbadala. Kwa hiyo elimu ya wazee haikutupwa.

Lakini mti nao hupimwa. Mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Brazili, ambako wagonjwa wengine walipewa chai ya majani ya mzambarau na wengine kidonge. Kidonge kilishusha sukari, chai haikushusha. Niliposoma hayo ndipo nilipotambua kosa langu: kazi ilifanywa na vidonge, sifa nikaupa mti. Mama simlaumu, alitoa alichokuwa nacho. Mimi nilikuwa na hospitali.

Ndugu zangu, jambo hili si dogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 1989 katika vijiji vya Tanzania, vikiwemo vya mkoa wetu wa Kilimanjaro, ulikuta wagonjwa chini ya mmoja katika kila watu wazima 100. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2012 ulikuta kama 9 katika 100. Upimaji haukuwa wa namna moja, lakini kila mmoja wetu anaona hali ilivyo kijijini kwake. Tulikwenda shule kwa miguu. Leo tunapanda pikipiki kwenda dukani kununua soda.

Naomba mshike mambo matatu. Kwanza, asiache mtu dawa ya hospitali kwa neno la rafiki, hata rafiki huyo akiwa mimi. Pili, ukinywa dawa ya miti mwambie daktari bila aibu, kwani nyingine, kama karela, zikikutana na vidonge zaweza kushusha sukari kupita kiasi, ukatetemeka, ukatoka jasho na kuzimia. Tatu, kagua nyayo zako kila jioni, na kidonda hata kidogo kipeleke hospitali siku ile ile.

Safari hii sikuja na chupa. Nimekuja na kipimo cha sukari, kiko pale mezani karibu na mlango. Mwenzetu yule ndiye atakayewaandikia majina.